Mvule wa Tembo na Mnavu wa Digidigi

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mashamba msituni, katika wiki ya tatu ya masika, mnavu wote wa Mama Digidigi uligeuka manjano.

Akachimba, paru! paru! Akaikuta mizizi ya mvule wa Tembo imepita chini ya ua na kutanda shambani kwake. Ilikuwa inafyonza chakula cha udongo, kile ambacho walimu wenu hukiita naitrojeni. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili na chungu kitupu.

Akaenda kwa Tembo. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

"Mizizi yako imo kwangu tena!"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Mizizi!"

"Ee! Mara ngapi nikwambie? Sheria ya msitu naitunga mimi. Chakula cha udongo ni cha mzizi unaowahi."

"Unaowahi?"

"Unaowahi! Nenda, unanichosha."

"Nimechoka mimi, mzee. Haya, nimesikia."

Sasa, ukoo wa digidigi una desturi: wote hujisaidia mahali pamoja, siku zote. Mama Digidigi akakihamishia choo cha ukoo katikati ya mnavu.

Kesho yake Tembo akapita, akachungulia juu ya ua.

"Ha! Vipunje hivi ndicho choo?"

"Usiniudhi. Nyati kapita hapa jana, kasema hata wewe humfikii."

"Simfikii kwa nini?"

"Kwa choo. Eti chako hakijazi ungo."

Nyati hakuwa amepita.

"Nyati? Nipishe!"

"Usinikanyagie! Simama nje, geuza mgongo."

Puu! Puu! Puu!

Mchana Mama Digidigi akamkuta Nyati mtoni.

"Bwana Nyati, Tembo anasema choo chako ni cha mbuzi. Njoo ukione chake shambani kwangu."

"Cha nani?"

Nyati akaja mbio, akageuza mgongo. Pwata! Pwata!

Wakashindana hivyo siku kumi. Mvua ikanyesha, kinyesi kikaoza juu juu ya udongo. Mizizi ya mnavu ni mifupi, nayo iko juu juu. Ikawahi. Ile ya mvule, iliyo chini, ikapata masalia.

Mwezi ulipoisha, Tembo akaja akakuta mnavu umefika kwenye ua, kijani kibichi.

"Mnavu huu umekula choo changu!"

"Ndiyo, mzee."

"Mwizi! Chakula kile kilikuwa cha mvule wangu!"

"Chakula cha udongo ni cha nani?"

Tembo akageuka aondoke.

"Cha nani, mzee? Mara ngapi nikuulize?"

"Cha mzizi unaowahi," Tembo akasema, akiangalia pembeni.

Anayetunga sheria ya kuwala wengine, ajue siku moja atasomewa yeye.

Siku hiyo Mama Digidigi alichuma vikapu viwili vya mnavu. Watoto wakala.