Chui Alipofungua Baraza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bonde, na wanyama wake, na hofu yao. Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale mapema, maana hii si ngano ya kulalia.

Hapo zamani za kale, Tembo alilitawala bonde. Kila baraza lilipofunguliwa alipanda juu ya kichuguu akahutubia, na kila alipotua kusema, wanyama waliitikia, "Na iwe!" Neno likiitikiwa na wote, lilikuwa sheria. Likikosa hata sauti moja, halikuwa sheria. Na mtawala aliyesema mara tatu katika baraza moja asiitikiwe na wote, alishuka kichuguuni asipande tena. Ndiyo mila yao.

Basi Tembo akafa. Matanga hayajaanuliwa, Chui akapanda kichuguu, akatangaza serikali mpya. Nani wa kumshusha? Wewe? Mimi? Wanyama wakaogopa, wakanyamaza.

Siku ya kufungua baraza ikafika. Mbele walikaa Fisi na jamaa zake, kazi yao kuitikia kwanza ili wengine wafuate. Nyuma kabisa alikaa mama Digidigi na mwanawe, mtoto wa juzi tu, hata miguu haijakaza.

Chui akasema kwa sauti laini, "Ndugu zangu, katika serikali yangu kila mnyama atakunywa maji mtoni kwa amani..."

Akatua.

"Na iwe!" wakapaza Fisi. "Na iwe!" wakaitikia wote. Tembo alikuwa akitua akishamaliza, nao maskini walizoea hivyo.

"...mmoja mmoja, peke yake," akamalizia Chui.

Wanyama wakatazamana. Maji yamekwisha kumwagika, hayazoleki.

Chui akaendelea, "Na usiku kila mnyama atalala bila kelele..."

"Na iwe!"

"...kwa hiyo Nyani asipige tena ukelele wa hatari."

Nyani akajiziba mdomo. Nyinyi hapo mnacheka? Msicheke. Mngekuwepo, mngeitikia kabla ya Fisi!

Digidigi akamvuta mwanawe chini ya tumbo lake.

"Na watoto wenu," akasema Chui, "nitawatunza mimi mwenyewe..."

Akatua, akawatazama mmoja mmoja. Safari hii hawakuitikia kwa mazoea. Waliitikia kwa woga. "Na iwe!"

Lakini sauti moja ilikosekana, na Chui ana masikio.

"Nani hakuitikia?"

Wanyama wakasogea huku, wakasogea kule, Digidigi akabaki peke yake uwanjani. Nyumbu akamnong'oneza, "Bibi wee, itikia! Utatuponza!"

Digidigi akajibu, "Ni mimi, Bwana Mkubwa. Nangoja umalize."

"Nimemaliza."

"Bado, Bwana Mkubwa. Hujatuambia utawatunza wapi."

Chui akasita. Macho yote yalikuwa kwake. "Pangoni kwangu," akasema, na mate yakamdondoka.

Kila mama akamkumbatia mwanawe. Sheria ya tatu ikafa palepale.

Chui akacheka polepole. "Vyema. Lakini ile ya kwanza ni sheria. Kesho mtaanza kunywa, mmoja mmoja. Wa kwanza ni Digidigi."

Kulipokucha, Digidigi akamlamba mwanawe, akamkabidhi kwa Nyumbu. "Dada, nikichelewa, mnyonyeshe pamoja na wako."

Akateremka mtoni. Wanyama walimtazama kutoka juu, hakuna aliyemfuata. Nyani akaona majani yanatikisika kando ya maji. Akafungua mdomo, akaikumbuka sheria, akaufunga.

Digidigi hakurudi.

Nyumbu alilia mpaka sauti ikamkauka. "Sote tulimwona," akasema. "Sote!" Wakainamisha vichwa, kwa maana ilikuwa kweli.

Baraza lililofuata, Nyumbu alikaa mbele, ubavuni mwa Fisi, na yule mtoto katikati ya miguu yake.

Chui akasema, "Ndugu zangu, nawapenda..."

"Na iwe!" wakapaza Fisi, peke yao. Wengine kimya. Wanangoja.

"Nitawapa majani mabichi..."

Fisi wakaitikia kwa sauti ndogo. Wengine kimya. Woga ulikuwepo, jamani, msidhani uliondoka.

"Nawasamehe wote mliokosa adabu!" akanguruma Chui.

Kimya. Sasa hata Fisi walinyamaza, wakageuka kutazama wapi kwenye wengi. Fisi ni Fisi. Kisha wao ndio wakawa wa kwanza kusema, "Bwana Mkubwa, mara tatu hiyo. Shuka."

Chui akawatazama wote, nao walikuwa wengi. Akashuka, akaingia msituni, na sheria zake zikaenda naye.

Siku hiyo wanyama walikwenda mtoni pamoja, Nyani juu ya mti akipiga kelele apendavyo. Mtoto wa Digidigi alikunywa katikati yao, na kila akimeza funda aliinua kichwa, akimtafuta mama yake.

Basi wanangu, neno la mkubwa lingojeni liishe ndipo muitikie. Na yule anayeuliza kwa ajili yenu, msimwache ateremke mtoni peke yake.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mabega aibebe, asiye nayo aipishe njia.