Springi, Tairi na Kava la Bati

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ya matope na pikapu, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Lufumbi, na Lufumbi ilikuwa na sheria moja ya makaburini isiyopindishwa. Mtu akifa, watoto wake ndio humtupia udongo wa kwanza. Lakini kama kuna mkono uliomsogeza marehemu kwenye kifo, hata kwa bahati mbaya, mkono huo hubaki na udongo wake. Mwenye mkono huo huondoka mbele ya watu ngumi ikiwa imefumbwa, na tangu siku hiyo haitwi tena mtoto wa nyumba ile. Tena ni mkono mmoja tu. Sheria ile haikujua kugawa lawama kama nyama ya shughuli.

Ndimbumi alikuwa mjane mwenye watoto watatu wakubwa. Gwakisa, wa kwanza, mkulima wa viazi. Tusekile, wa kati, ndiye dereva. Lusajo, kitinda mimba, mwepesi wa kucheka. Baba yao aliwaachia pikapu moja nyeupe, vile vile ilivyotoka kiwandani, na akawaachia neno: kila baada ya mavuno mmoja wenu, kwa zamu, aongeze kitu kimoja kwenye gari, na wenzake wasimpinge.

Mavuno ya kwanza, zamu ya Gwakisa. Wakashuka bondeni kwa fundi Mwalukasa.

"Niongezee majani ya springi," alisema Gwakisa. "Likipakia gunia kumi linakaa chini kama kuku anayeatamia. Nimechoka."

Fundi akachuchumaa, akachungulia chini ya bodi. "Na mama yenu hupanda wapi?"

"Nyuma, kama siku zote."

"Basi sikia. Likiwa na mzigo litatulia. Likiwa tupu litarusha kama punda."

"Halitakuwa tupu. Funga."

Fundi akafunga.

Mavuno ya pili, zamu ya Lusajo. Wakashuka bondeni kwa fundi Mwalukasa.

"Niwekee tairi kubwa, zile za meno," alisema Lusajo. "Masika tulikwama, mama akaenda kwa miguu kumzika dada yake. Akakuta kaburi limeshafukiwa."

"Na mama yenu hupanda wapi?"

"Nyuma, kama siku zote."

"Basi sikia. Miguu mirefu, injini ileile. Mlimani, likiwa na mzigo, litagoma."

"Siku hiyo tutapunguza mzigo. Funga."

Fundi akafunga.

Mavuno ya tatu, zamu ya Tusekile. Yeye alikuwa amelifikiria jambo lake miezi mingi, kila Jumapili alipofika kanisani mkavu na mama yake akashuka nyuma huku akikamua khanga.

"Funika bodi yote ya nyuma kwa bati," alisema. "Mama ananyeshewa."

Fundi alijua jibu, ila aliuliza. "Hupanda wapi?"

"Si unajua? Nyuma."

"Basi sikia. Mtu aliye nyuma akitaka usimame, hugonga paa la kichwa cha gari. Nikifunika, hatalifikia tena. Nitoboe kidirisha?"

"Mvua si itapita hapo hapo? Ziba."

Fundi akaziba.

Lufumbi nzima ililisifu gari lile. Liliinuka, likakazwa, likafunikwa. Kila mmoja alikuwa ameonywa kuhusu chake, na hakuna aliyekaa chini kuwaza vitu vitatu vile vitaishije katika gari moja.

Masika ya mwaka uliofuata, asubuhi, Ndimbumi aliteleza kwenye ukingo wa shamba la viazi, akaangukia tuta la chini. Paja likavunjika. Muuguzi wa zahanati alilifunga kwa vipande vya mbao, akamvuta Tusekile pembeni.

"Mpelekeni hospitali leo hii. Lakini asitikiswe, dada. Mfupa umekaa kama kisu. Akirushwarushwa, utamkata ndani."

Tusekile akaangalia gari tupu, akakumbuka punda wa fundi. "Pakieni viazi," alisema. "Gunia nane. Bila mzigo halitatulia."

Wakapakia. Wakatandika godoro katikati ya magunia. Lusajo akaingia nyuma, akaushika mguu wa mama yake kwa mikono miwili usicheze. Gwakisa akakaa mbele. Gari likaondoka taratibu, laini kama linapita juu ya uji. Kabla mlango wa bati haujafungwa, Ndimbumi alikuwa amesema, "Leo punda wenu ana adabu." Lusajo akacheka.

Mtoni walivuka. Matope yalifika nusu ya tairi, na gari jingine lolote lingelala pale. Ng'ambo wakakutana na mlima wa Kipembe. Gari likapanda robo, likanguruma, likazima. Tusekile akarudi nyuma, akajaribu tena. Robo, likazima. Mara ya tatu lilianza kunuka.

Wakashuka kushauriana, mvua ikiwapiga.

"Mwageni viazi," alisema Gwakisa.

"Tukimwaga, kule juu ni mawe matupu," alisema Tusekile. "Litamrusha."

Lusajo akasema kutoka ndani, bila kuuachia mguu, "Tuyapandishe magunia kwa mgongo, tuyapakie tena huko juu."

"Gunia nane, mlima huu, watu wawili?" Gwakisa akauliza. "Saa ngapi hizo? Mtazame midomo yake."

Wakamtazama Tusekile, maana mwenye usukani ni yeye. Akamtazama mama yake. Midomo ilikuwa imepauka.

"Mwageni," alisema. "Nitaendesha polepole. Ukiona anaumia, Lusajo, gonga."

Lusajo akaitikia. Hakuna aliyekumbuka kidirisha.

Gari likapanda. Kule juu, mawe. Aliendesha polepole mwanzo, kisha mvua ikazidi, na mbele kulikuwa na daraja ambalo maji hulifunika. Akaongeza mwendo. Bati lilipiga kelele njia nzima, kila msumari na kelele yake. Mara moja Gwakisa aligeuza shingo.

"Nini?" Tusekile akauliza.

"Jeki, nadhani. Inagongana huko nyuma."

Wakaliwahi daraja. Getini kwa hospitali Tusekile akafungua mlango wa bati. Lusajo alikuwa palepale, mguu wa mama yake mikononi. Paji lake la uso lilikuwa limepasuka, damu imefika kidevuni.

"Nimegonga," alisema. "Mikono ningeitoa wapi? Nimegonga kwa kichwa."

Ndimbumi alikuwa ameshakufa.

Siku ya maziko Lufumbi yote ilikuja, na fundi Mwalukasa akapanda kutoka bondeni. Jeneza likashushwa. Watoto watatu wakainama, wakachota udongo. Ndipo mjomba wao Mwakalobo, mdogo wa marehemu, akanyoosha fimbo juu ya shimo.

"Subirini. Dada yangu alikufa njiani, si kitandani. Mkono mmoja kati yenu una neno. Semeni wenyewe."

Gwakisa akatangulia. "Springi zangu zilitulia tulipokuwa na mzigo. Mzigo ulimwagwa kwa sababu ya tairi."

"Bila tairi zangu tungelala mtoni," alisema Lusajo. "Na mlimani nilisema tuyabebe magunia. Nani alikataa? Tena ulinisikia nikigonga, kaka. Ulikiri mwenyewe kwamba uliniita jeki."

"Na wewe ungeruka nje ukapiga kelele."

"Nimwachie mguu?"

Tusekile akasema, "Springi ndizo zilizomrusha."

"Na nani aliongeza mwendo?" Gwakisa akamgeukia. "Nani alimzibia mama kwenye debe, halafu akamwambia mtu agonge?"

"Alikuwa ananyeshewa," alisema Tusekile. "Kila Jumapili alikuwa ananyeshewa."

Lusajo akasema, bila kumtazama mtu: "Alikuwa anakuita, dada. Alisema, mwambie Tuse apunguze. Alisema mpaka akaacha."

Mjomba akamwona fundi, naye ameshika udongo kama watu wengine. "Na wewe?"

"Niliwaambia wote watatu."

"Ulimwambia kila mmoja kuhusu chake. Vyote vitatu pamoja, ulimwambia nani?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Hawakuuliza. Mteja akisema funga, nafunga."

Mvua ikaanza. Maji yakaanza kuingia kaburini, na mjomba hakuishusha fimbo. Mikono minne ilikuwa imenyooshwa juu ya shimo. Tusekile alikuwa ameufumba wake kwa nguvu hata udongo ukawa tope, ukamtoka katikati ya vidole, tone moja moja, na alijitahidi lisidondoke hata tone kabla hajaruhusiwa.

Basi ninyi mliosikia, msijifiche nyuma ya kudra, wala msiseme ni wote, maana sheria ya Lufumbi inataka mkono mmoja na maji yanaingia kaburini. Aliyekaza springi, aliyeinua tairi, aliyeziba bati na kushika usukani, au aliyejua yote akafunga: je, ni nani asiyestahili kumzika Ndimbumi?