Kiti cha Mama Nyanzobe

Kiti chema hakisemi inuka. Mjukuu wangu Kabula ameyasikia maneno hayo leo kazini kwake, akaja kuniuliza yametoka wapi, na ninyi wajukuu wengine mmeziweka simu zenu mkanigeukia. Hayakutoka mbali. Yalitoka katika chumba kimoja cha ofisi ya ushirika wa pamba, nami nilikuwapo yalipotamkwa. Nilikuwa tarishi pale.

Mpiga chapa wetu aliitwa Mama Nyanzobe. Mwaka huo vyama vidogo vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja, na daftari lote la wanachama likatakiwa kupigwa chapa upya, kijiji kwa kijiji, nakala nne nne. Alikuwa akiketi saa moja na nusu asubuhi, akiinuka jioni. Vidole vyake vilikimbia kutwa, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa kama gogo.

Nilimheshimu kama mama yangu mzazi. Nilipoajiriwa nilikuwa sijui kusoma sawasawa, akawa ananifundisha kusoma anwani za barua bila kunicheka. Wema ule niliulipa kwa miguu yangu. Karatasi, kaboni, maji ya kunywa, chai ya saa nne, vyote nilimpelekea mezani. Majalada yalikaa masjala, ghorofa ya chini, nikawa nayapandisha mimi. Kiti chake kilipolegea nilikipeleka kwa fundi kikawambwa upya, kisha nikamshonea mto wa pamba. Alisema tangu azaliwe hajaketi vizuri namna ile. Nikajivuna.

Kiangazi kilipokaribia kwisha alianza kuulalamikia mguu wa kushoto. Kwanza ulikuwa mzito, kisha ukavimba, shavu la mguu likawa la moto. Hatukushtuka. Mwaka ule kila mtu ofisini alikuwa amechoka, na mtu akisema anaumwa mahali, mwenzake alimjibu kwa kutaja panapomuuma yeye. Mimi nilimletea kibao cha kuuegeshea mguu. Siku ya tatu kifua kilimbana, pumzi ikakatika, akaiangukia mashine. Tulimpeleka hospitali kwa lori la pamba.

Daktari alisema damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kimesafiri hadi kwenye pafu. Akamuuliza huinuka mara ngapi akiwa kazini. Mama Nyanzobe alifikiri sana, akajibu kwamba huinuka wakati wa kwenda nyumbani.

Alirudi baada ya wiki tisa, amekonda, mguu umefungwa bendeji. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaandaa kila kitu: chai imefunikwa, majalada yamepangwa, mto nimeuanika juani. Alisimama mlangoni akaviangalia. Hakuketi.

"Luhende," akasema, "chai hii irudishe jikoni. Nitaifuata mwenyewe. Na majalada yarudishe chini."

Nilimuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea. Umenitendea mema mpaka nikasahau kuwa nina miguu. Kiti kibaya kingeniumiza, ningeinuka. Kiti chema hakisemi inuka. Na wewe pia, mwanangu, hukusema."

Nilibeba sinia nikashuka nalo. Niliumia. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba hospitali imemfundisha yule mama kiburi.

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza orodha ya kijiji kimoja, aliinuka akaipeleka masjala mwenyewe, ngazi kwa ngazi, mkono ukutani. Akifika chini alizunguka ua mara moja ndipo apande tena. Bwana Katibu alilalamika kwamba kazi itachelewa. Alimjibu kwa upole kwamba kwa kutembea kazi itachelewa siku chache, lakini yeye akilazwa tena itachelewa miezi, na huenda ikamaliziwa na mtu mwingine. Bwana Katibu hakulirudia.

Mimi niliendelea kununa. Lakini majina yalikuwa mengi na uchovu una ujanja wake. Kufika wiki ya tatu nikaona anaunganisha vijiji viwili kabla ya kuinuka, kisha vitatu. Siku moja saa tano ilipita, saa sita ikapita, naye yuko palepale, macho mekundu, mguu umeanza kujaa chini ya bendeji. Niliogopa kuliko siku ya lori. Nikaenda nikasimama mbele ya meza yake, mikono mitupu.

"Mama, inuka."

"Niache, Luhende. Leo nimechoka."

"Najua. Mimi pia nimechoka. Inuka twende."

Nilidhani atanifukuza. Kisha akashika ukingo wa meza akajiinua. Tulishuka pamoja, polepole, tukauzunguka ua. Jalada alilibeba yeye.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyeniagiza, wala haikuandikwa popote. Kila saa nilikwenda kusimama pale mezani. Siku nyingine alishuka kwa hiari, siku nyingine alininunia mimi. Watu wa mizani na wa stoo walituona, wakaanza kuambizana maneno yake yale ya kiti, kwanza kwa mzaha. Daftari lilikamilika baada ya muda uliopangwa, na hakuna aliyekufa kwa kulisubiri. Mguu wake haukurudi kuwa kama zamani. Ulibaki mzito hadi alipostaafu, lakini alistaafu akitembea.

Nafasi yake ilichukuliwa na msichana mmoja, mwepesi wa vidole kuliko yeye. Wiki yake ya kwanza alinikuta nimesimama mbele ya meza yake, akadhani nimeleta barua. Akanyoosha mkono aipokee, akaona sina kitu. Akauliza nimefuata nini.

Nikamwambia, "Kiti chema hakisemi inuka, binti yangu. Ndiyo maana nimekuja mimi."