Mstari Mwekundu wa Fundi Matimbwa

Nimetumiwa hii na rafiki, nikaona si vyema nikae nayo peke yangu. Isome mpaka chini.

Fundi Matimbwa alikuwa hodari wa kuunda mashua kando ya mto. Mafuriko yalipoizoa nyumba yake, aliapa kwamba familia yake haitakimbia maji tena. Itaishi juu ya maji hayohayo. Akaunda mitumbwi miwili myembamba ya mbao, akaiunganisha kwa sakafu moja, na juu yake akajenga chumba na jiko. Ubavuni akachora mstari mwekundu. Maji yakiupita huo, mawimbi yataipiga sakafu mpaka ing'oke.

Mvua za masika zikaanza, na mto ukapanda haraka kuliko walivyotegemea. Walipopakia vyombo, mstari ukazama.

"Mama Leokadia, punguza vyombo vyako!" fundi alimwambia mkewe.

Akateremsha kinu. Akateremsha kitanda na masufuria. Mwisho akateremsha cherehani, kazi yake ya miaka yote, huku machozi yakimtoka. Mstari bado haukuonekana.

"Sasa nishuke mimi na mwanao?" aliuliza kwa uchungu.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye migomba, na hapakuwa na pa kwenda. Fundi alirudia vipimo vyake kichwani, ubao kwa ubao, asione kosa. Aliogopa kweli.

Mama Leokadia akafungua kifuniko cha mtumbwi wa kushoto, akachungulia.

"Baba Leokadia, magunia haya ni ya nini?"

"Mchanga huo. Mashua isipowekewa uzito chini hupinduka. Ndivyo marehemu baba alivyonifundisha."

"Mashua za baba zilikuwa na mitumbwi miwili?"

"Hapana, zilikuwa za mtumbwi mmoja..." Akageuka kuitazama mashua yake.

Yake ilisimama kwa upana wake, kama mtu aliyetanua miguu. Haikuhitaji hata kopo moja la mchanga. Magunia kumi na mawili, yote aliyapakia kwa mikono yake, na hakuyahesabu kuwa mzigo kwa sababu aliyaita usalama.

Wakayamwaga yote mtoni. Mashua ikainuka, na mstari ukatoka majini kiganja kizima.

Fundi akashuka matopeni, akaibeba cherehani begani.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Niambie unataka ikae wapi."

Funzo: Kabla hujamwambia mwenzako apunguze mzigo wake, kagua kwanza ule uliopakia wewe kwa hofu ukauita tahadhari.