Kibendera cha Sultani Hamdani

Palikuwa na sultani, Hamdani kwa jina, mpenda vita kupita kiasi, mradi anayepigana ni mtu mwingine. Kila kikosi chake kilikuwa na kibendera: chekundu cha watu wa mikuki, kijani cha wapiga mishale, cha manjano cha walinzi wake mwenyewe. Vumbi likitanda na watu wakapotezana, askari hutafuta kibendera chake tu, akajua wenzake wako wapi na mkubwa wake yuko wapi.

Taabu ni kwamba adui naye ana macho. Vita vilivyopita alikiona cha manjano, akajua sultani yuko hapo, akammiminia mishale. Mmoja ulitoboa kilemba.

Basi sultani akamwita Bi. Mize, mshonaji wa vibendera vyote hivyo, mjane mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Akamwamuru ashone kibendera kipya, askari wote wakione na adui asikione kabisa. Alimpa siku tatu. Akishindwa, nyumba yake inageuzwa banda la farasi.

Bi. Mize alikuwa na nyumba hiyo moja tu, na aliipenda. Siku mbili alilia, akalaani, akalia tena. Ya tatu akaagiza aletewe joho la sultani la vitani, akashona hadi adhuhuri, akalipeleka barazani limekunjwa vizuri.

"Kibendera kiko wapi?" akauliza sultani.

"Livae kwanza, Maulana."

Akalivaa. Akajitazama kifuani, akakagua mikono yote miwili.

"Mbona sikioni?"

"Na adui hatakiona."

"Na askari wangu?"

"Waulize, Maulana. Wako nyuma yako."

Walinzi wakakiri kwamba wanakiona, cha manjano, kipana, katikati ya mgongo.

Sultani akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo mimi nitasimama wapi?"

"Mbele yao. Kibendera kilipo ndipo alipo mkubwa, na askari hukifuata. Si ndiyo kazi yake?"

Waziri akakohoa, akainamisha kichwa. Watu wa baraza wakawa wanatazama viatu vyao.

"Sikiliza, mwanamke," sultani akasema. "Adui akikiona hata mara moja, nyumba naichukua."

"Ichukue, Maulana," akajibu Bi. Mize. "Ila kwanza uwaeleze watu siku hiyo ulikuwa unaelekea wapi."