Tope la Mchangamle

Tope la mkoko halinuki bure. Ndivyo baba yenu alivyosema jana mlipomcheka bibi yenu kwa ukali wake, nanyi mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Bi Mize wa Mchangamle alikuwa mkubwa wa akina mama waokota chaza. Ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, palikuwa na kijiji cha Kwaburi, nao waliishi kwa chaza vilevile. Upande wa juu wa hori kulikuwa na karakana ya kuyeyusha betri kuukuu ili kutengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamisha mishipi. Karakana ilikwisha kufungwa, lakini kila mvua iliponyesha, taka zake za risasi, madini yenye sumu, zilishuka na kutua kwenye matope ya vijiji vyote viwili.

Watu wa Kwaburi walichoshwa na harufu ya mayai viza iliyotoka topeni. Wakafukua tope jeusi pamoja na mikoko yake, wakamwaga mchanga mweupe, pwani yao ikapendeza kweli. Ndipo utani ulipoanza.

"Mchangamle hawahitaji taa ya bandarini," akasema Bi Kaije wa Kwaburi. "Nahodha atafuata pua!"

Maneno hayo yalimchoma Time, binti wa Bi Mize, aliyekuwa ameposwa huko huko Kwaburi. Maji yalipokupwa akashuka mikokoni na wenzake, majembe begani. Wakamkuta mama yake amesimama, tope magotini, mikono kiunoni.

"Mama, wakwe watakuja kuiona aibu hii?"

"Aibu gani? Tope hili limekulea. Mama yangu hakulifukua, wala mama yake. Anayetaka kuchimba aanze na miguu yangu!"

Hakuna aliyethubutu. Time alirudi nyumbani akilia, na Bi Mize mwenyewe moyo ulimuuma, kwani hoja yake ilikuwa ukaidi mtupu.

Masika ilipopita, wanunuzi wa mjini walimtuma Hidaya, mtaalamu wa maabara na mtoto wa dada yake Bi Mize, aje kupima chaza. Chaza wa Kwaburi walikutwa na sumu ya risasi, wakapigwa marufuku kuuzwa. Wa Mchangamle walikuwa salama.

"Mbona taka ni zile zile?" Bi Mize akauliza.

"Ni zile zile, mama mdogo. Lakini ndani ya tope lisilopata hewa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Harufu hiyo ni pumzi yao, nayo ndiyo inayoikamata risasi na kuifunga humo. Kwaburi walipofukua, hewa ikaingia, kifungo kikafunguka, risasi ikarudi majini."

Siku hiyo Bi Mize alipita kijiji kizima bila kunawa miguu, kichwa juu, na Time ubavuni mwake.

Haukupita muda, Bi Kaije akaja na wanawake wenzake kuomba miche ya mikoko.

"Chukueni," akasema Bi Mize. "Ila mche hautoki hapa bila tope lake."

Time akajaza kapu, akamtazama Bi Kaije usoni kuona kama ataziba pua. Hakuziba. Aliinama, akajitwika, tope likamchuruzika shavuni.

"Haya, wakwe zetu," akasema, "tope la mkoko halinuki bure."