Vigae vya Mama

“Utamtia mama kwenye kinu, Subilaga? Umtwange kama kisamvu?”

“Simtwangi mama, dada. Natwanga vigae.”

“Vigae vya mkono wa nani?”

Hivyo ndivyo walivyogombana mabinti wawili wa mfinyanzi mmoja aliyefariki katika kijiji cha kando ya ziwa. Mama yao aliwaachia shimo la udongo, ujuzi wa kufinyanga, na rundo la vigae vya vyungu alivyotengeneza maisha yake yote. Desturi ya wafinyanzi wa pale ilikuwa hii: binti husaga vigae vya mama yake na kuvichanganya na udongo mpya, kwa sababu udongo mtupu haustahimili moto.

Tusekile, mkubwa, aliijua desturi hiyo lakini hakuthubutu kuitimiza. Alivikusanya vigae vyote, akaviosha, akavipanga juu ya kitambaa cheupe katika chumba cha marehemu, kisha akafunga mlango. Majirani walikuja kuvitazama, wakamsifu kwa kutunza urithi.

Subilaga alibaki na udongo mtupu. Alifinyanga vizuri, lakini vyungu vilipasuka motoni kabla ya kuiva. Akachoma vingine, navyo vikapasuka. Mwenye hoteli ya sokoni aliyekuwa akivinunua akamwambia kwamba safari nyingine akikosa vyungu atapikia masufuria, wala hatarudi tena. Mnunuzi mwingine hawakuwa naye. Shimo la udongo lilishaanza kuota majani.

Ndiyo maana siku ile Subilaga alisimama na kinu mbele ya mlango uliofungwa, akakataa kuondoka.

“Dada,” alisema, “mama naye alimsaga bibi. Vunja kigae kimoja utazame.”

Tusekile alikitoa kimoja, akakivunja kwa hasira, ili amwaibishe mdogo wake. Ndani ya kigae kile cheusi aliona chembe nyekundu, nyingi, za vyungu vilivyofinyangwa kabla wao hawajazaliwa. Kisha akauchukua mchi yeye mwenyewe.

Walitwanga, wakachekecha, wakakanda. Moto ulipozimika vyungu vilitoka vizima, na vilipogongwa kwa kidole vililia kama kengele. Mwenye hoteli alivibeba vyote, akaagiza vingine. Mabinti wa jirani wakaja kujifunza, na shimo la udongo likachimbwa upya.

Baadaye mjomba wao alifika kutoka mbali kuuona ule urithi uliosifiwa. Akakuta kitambaa cheupe kitupu. Akauliza kwa ukali mama yao wamempeleka wapi.

Tusekile, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, alimjibu pale mlangoni:

“Mama hayumo humu, mjomba. Ameenda sokoni.”